Alibadilisha jina la wifi, akasahau jina la kanga

Saa mbili na nusu asubuhi, na Hafidha Mwinshehe ameshapinda doti mbili. Ya tatu iko chini ya sindano, ila mguu wake umeacha kukanyaga. Ameinama, anasoma maneno ya kwenye kanga kwa midomo tu bila sauti, kisha anacheka peke yake. Anavuta mtoto wa meza ya cherehani, anatoa daftari, anaandika mistari miwili na kulirudisha. Mguu unaanza tena.

“Huyu mteja ana shughuli Jumamosi,” anasema, akiigeuza kanga ili jina lake lisomeke. “Kanga kanunua dukani, lakini maneno kamnunulia mtu. Na huyo mtu namjua.”

Hafidha ana umri wa miaka arobaini na tisa. Kwa miaka ishirini na sita amekaa kwenye baraza hii hii ya nyumba yao, kata ya Dunda mjini Bagamoyo, akikata na kupinda kanga kwa shilingi elfu moja kwa doti. Siku ya neema hupinda doti kumi na tano. Siku ya ukata hupinda mbili, na moja kati ya hizo huwa ya jirani ambaye si adabu kumtoza.

Siku hizi, hata hivyo, si kila anayepiga hodi barazani hapo amebeba kanga. Wengine wanafuata vitabu. Hafidha ni mwandishi wa vichekesho vya nyumbani, na habari zake ni hizo za kila siku: mume, watoto, mawifi, wakwe, na jirani anayeazima kinu akakirudisha baada ya arusi tatu.

Huandika kwa mkono kwenye madaftari ya shule. Daftari likijaa hulipeleka kwa Haidar, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala hatua chache kutoka kwake, ambaye hulichapa, akalikunja na kulibana pini. Kitabu kimoja ni shilingi elfu nne.

Cha kwanza, “Mume Wangu na Mtungi wa Gesi”, kilitoka mwaka 2019 na nakala mia mbili zikaisha kabla ya mfungo. Kinasimulia jinsi mumewe, Maulidi, alivyonunua mtungi wa gesi kwa mbwembwe, kisha akaogopa kuuwasha. “Mume wangu haogopi nyoka wala jini,” aliandika humo, “lakini mtungi wa kilo sita ulimfanya atuage kila anapokwenda jikoni.” Kabla ya kuhamishiwa jikoni, mwezi mzima mtungi ulikaa sebuleni umefunikwa kitambaa cha kufuma, na mgeni mmoja mwenye macho hafifu nusura auamkie.

Maulidi, aliyekuwa mfanyakazi wa mashamba ya chumvi na sasa analima mchicha, hana kinyongo. “Walinicheka mpaka msikitini,” anasema. “Lakini nilikuwepo. Kila aliyenicheka nilimpa jibu lake palepale, tukaenda sare. Na gesi ni kitu cha kuogopwa, msione vile.”

Kitabu cha pili ndicho kilichomponza.

Kinaitwa “Hodi, Wifi”, na kilitoka mwaka 2022. Sura iliyopendwa kuliko zote ni ile ya Mkaguzi wa Masufuria, wifi mtu anayetoka shamba kuja kumtembelea kaka yake. Salamu haijajibiwa, keshapita sebule, keshafika jikoni, anafunua sufuria moja moja, anachungulia, anafunika, halafu ndiyo anarudi kukaa na kuuliza habari za watoto. Katika sura hiyo anafanya hivyo mara kumi na moja, na kila mara mwenye nyumba anabuni njia mpya ya kumzuia, mpaka siku anayofunga vifuniko kwa kamba.

Wifi huyo wa kitabuni anaitwa Bi Tatu. Anakaa kijiji ambacho hakipo kwenye ramani yoyote na analima korosho. Wifi wa kweli wa Hafidha, dada mkubwa wa Maulidi, anaitwa Mwanahija, anakaa Kiwangwa na analima mananasi. Hafidha alikuwa na hakika kwamba amemficha vizuri.

“Watu wengine wakieleza mtu wanasema mrefu, maji ya kunde, ana mwanya,” anasema. “Mimi fundi. Mimi naanzia kwenye kanga. Nikaandika kwamba Bi Tatu aliingia na kanga yake ya NDUGU YANGU NI WANGU HATA AKIWA KWAKO. Sikuona kosa. Kwangu mimi ile ndiyo ilikuwa sura yake.”

Kanga hiyo Dunda nzima inaijua. Mwanahija aliinunua kwa ajili ya arusi ya mdogo wake Maulidi na Hafidha, mwaka 1998, akajifunga, akasimama mbele ya bibi arusi ili maneno yasomeke vizuri. Toleo lile halikurudi tena madukani. Kwa hiyo Hafidha alibadilisha jina la mtu, akabadilisha kijiji, akabadilisha hata mazao, kisha akaacha jina la kanga palepale. Ni sawa na kumficha mtu chini ya kitanda ukaacha viatu vyake mlangoni.

“Nilipofika kwenye hiyo kanga nikavua miwani,” anasema Bi Ashura, jirani wa umri wa mama yake. “Nikasema, Hafidha, mwanangu, hapo umelikoroga.”

Hazikupita wiki mbili kitabu kikawa Kiwangwa. Kina mama walikuwa wamekusanyika kuandaa chakula cha maulidi ya Mtume, na mmoja wao akaanza kuwasomea wenzake ili kazi isiwachoshe. Mwanahija, ambaye anasoma msahafu vizuri lakini herufi za kitabu zinamsumbua, alikuwa kati yao akimenya mihogo. Walicheka wakavunjika mbavu. Ilipofika kanga, kicheko kikakatika na macho yote yakamgeukia.

Mwanahija aliendelea kumenya. Msomaji, kwa kutaka kupoza mambo, akaruka haraka kwenda sura iliyofuata, ambayo ni ya upole. Katikati ya sura hiyo ya upole ndipo Mwanahija alipoweka kisu chini, akanawa mikono na kwenda zake nyumbani. Kila mtu alidhani hasira imechelewa kumpanda.

Sura hiyo ya pili inaitwa “Makapu ya Mama”. Inahusu mwaka 2011, Maulidi alipopunguzwa kazini akakaa nyumbani miezi kumi na minne, bila mshahara, na mgongo ukimuuma. Watoto walikuwa watatu. Kanga za kupinda nazo ziliadimika, maana mji mzima ulikuwa umebana mikono. “Kuna siku nilichemsha maji tupu ili watoto wasikie sufuria inalia,” anasema Hafidha, na sauti inamshuka.

Lakini kila mambo yalipofika pabaya kabisa, kapu lilifika mlangoni, mihogo chini na mananasi juu, limeletwa na mpita njia aliyesema tu, “Umeletewa.” Hafidha alijua ni mama yake wa Miono. Alipompigia simu kumshukuru, mama alijibu, “Mshukuruni Mungu,” akakata. Sura nzima ni shukrani kwa mama huyo, ambaye sasa ni marehemu, na ndiyo sura pekee katika vitabu vyake ambayo haina kichekesho.

Tangu siku ile ya mihogo Mwanahija hakukanyaga tena Dunda. Idi mbili kubwa zilipita. Mtoto wao mkubwa, Adila, akaolewa, na shangazi yake aliyetakiwa kumpamba na kumtoa ndani akatuma zawadi kwa mkono wa mtu. Hafidha anasema arusi ilijaa watu na yeye akaiona tupu.

Alijaribu kuomba radhi kwa njia zote zinazojulikana. Alituma wazee wawili, wakanywa chai na kurudi na salamu. Alituma sukari, ikapokewa. Kisha akatuma doti mpya ya kanga, ameipinda kwa mkono wake, imeandikwa maneno ya kuomba msamaha. Doti ilirudi wiki hiyo hiyo na ujumbe wa mdomo: “Mwambieni nina kanga za kutosha, na zote anazijua.”

“Hapo nilicheka,” anakiri Hafidha. “Nikacheka, kisha nikalia. Wifi yangu anajua kuchekesha kuliko mimi, sema yeye haandiki.”

Kilichomshangaza ni kwamba wifi na wifi ni watani. Miaka yote walitupiana vijembe mbele za watu na hakuna aliyenuna. Ilimchukua muda kuelewa, na anayemshukuru kwa kumfumbua macho ni mumewe, na ile habari yake ya kwenda sare. “Utani wa mdomoni unajibiwa,” anasema. “Nikikutania, unanitania, tunakula. Wa kitabuni haujibiwi. Mimi nimesema kurasa ishirini, yeye aseme wapi?”

Kitabu cha tatu kiko tayari tangu mwaka jana, madaftari manne. Ni habari za miaka yao ya ndoa, na Bi Tatu anaingia na kutoka humo kama mwenye nyumba. Haidar ameshapanga karatasi. Wateja wanauliza kila siku. Ila Maulidi, mtu mpole asiyezoea kutoa amri, safari hii alitoa. “Bila radhi ya dada yangu,” alisema, “kitabu hicho hakitoki.”

Haidar alimpa njia ya mkato: amvue Bi Tatu kanga, amvishe dera, na habari imeisha. Wengine walimshauri amwondoe kabisa, na Bi Ashura alimwambia aache kuandika, arudi kwenye sindano inayomlisha. Hafidha aliwasikiliza wote, akakataa yote.

“Siachi kuandika,” anasema, akikata uzi kwa meno. “Nimeanza nikiwa na watoto watatu na cherehani moja, sitaacha leo. Lakini na wifi yangu simwachi. Watu wananiambia nichague. Kwa nini nichague?”

Badala yake alijiwekea sharti ambalo sasa analifuata bila mchezo: anayesemwa asomewe kwanza. Kila mtu aliyemo kwenye daftari anasomewa uso kwa uso, na mstari asioutaka anaupigia kalamu mbele yake. Adila alifuta miwili. Maulidi alifuta mmoja, wa kukoroma, kisha baada ya siku tatu akarudi kuomba urudishwe, kwa kuwa wenzake kijiweni walikuwa wameshausikia na waliupenda. Amebaki mmoja wa kusomewa.

“Nimechoka kutuma watu,” anasema Hafidha Jumatano asubuhi, akifunika cherehani kabla ya wakati. “Watu wanafikisha salamu, hawafikishi moyo.” Anaweka daftari moja kwenye mkoba. Habebi sukari wala kanga.

Kiwangwa, jua limeshapanda. Mwanahija, mwanamke mrefu wa miaka sitini na mitatu, yuko uani chini ya kibanda cha makuti, anachambua mananasi, makubwa huku na yaliyopondeka kule. Hodi ya kwanza haijibiwi. Ya pili inajibiwa bila kichwa kuinuliwa.

“Karibu. Mlango haujafungwa.”

“Shikamoo, wifi.”

“Marahaba.” Macho yanatua kwa mgeni aliyefuatana na Hafidha. “Na huyu?”

“Mwandishi wa gazeti.”

“Mwingine,” anasema Mwanahija, na kumsogezea kigoda.

Hafidha hapigi porojo. Anaeleza alilolifuata, anafungua daftari na kusoma sura yote ya Bi Tatu, ile mpya, karibu saa nzima. Ni sura ya kuchekesha kwelikweli. Mwanahija hacheki. Mara moja tu anaziba mdomo kwa ncha ya kanga, na haijulikani anaziba nini.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza, wifi. Mstari usioutaka naufuta sasa hivi. Ukikataa sura yote, naitoa. Kuandika siwezi kuacha, nakwambia kweli, lakini wewe nitakutoa humo.”

Mwanahija anachukua nanasi, analigeuza, analiweka upande wa makubwa.

“Kwenye kile kitabu kingine ulihesabu mara nilizofunua masufuria.”

“Ndiyo, wifi. Kumi na moja.”

“Mwaka ule Maulidi alipotolewa kwenye chumvi. Katika hizo kumi na moja, mara ngapi nilikuta kitu ndani?”

Hafidha anashusha daftari mapajani.

“Na nikikuta patupu, kesho yake kapu lilikuja, halikuja?”

“Lilikuja,” anasema Hafidha taratibu. “Mama alikuwa…”

“Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa na shamba la mananasi wapi?”

Mama yake Hafidha alilima mahindi na ufuta kule Miono. Nanasi hakupata kupanda hata moja, na bintiye anajua hilo tangu utotoni. Aliandika kurasa kumi na mbili za kusifu mananasi ya mama yake na hakujiuliza yalitoka wapi.

“Nilikuwa na njaa, wifi,” anasema hatimaye. “Mwenye njaa haulizi shamba.”

“Hata sikutaka uulize. Maulidi alishaapa kwamba hatalishwa na dada yake kama mtoto. Angejua ni mimi, asingekula, na watoto wasingekula. Nikamwomba mama yako anyamaze, akanyamaza mpaka kaburini. Lakini mimi ningejuaje pa kupeleka kapu bila kufunua sufuria? Ungeniambia wewe? Wewe ulizifunga kwa kamba.”

Hafidha analia sasa, waziwazi, bila kujifuta.

“Sikununa kwa kuchekwa,” anaendelea Mwanahija. “Mimi Mkwere, watani wangu wananicheka mpaka msibani. Hata hiyo kanga, niliivaa ili isomwe. Kilichonikata maini ni kukaa pale namenya mihogo, nasikia mihogo yangu inasifiwa kwa jina la mtu mwingine, na mimi mwenyewe ni kichekesho.”

“Nisamehe, wifi yangu.”

“Radhi unayo. Ulipofika mwenyewe umeipata.” Anapangusa mikono, anajiweka sawa kwenye mkeka. “Haya, shika kalamu. Umesema wewe vitabu viwili. Sasa nasema mimi. Na hilo jina la Bi Tatu lifute. Andika Mwanahija, wa Kiwangwa.”

Alisema kurasa saba. Alisema jinsi alivyokuwa akipanga maneno njiani ili aonekane mbeya badala ya mwenye huruma, na jinsi siku moja alivyokuta wali sufuriani akafurahi mno, akala wote, watoto wakakosa. Hafidha aliandika huku akicheka na kupenga kamasi, na waliondoka Kiwangwa wakiwa wamepewa mananasi sita ambayo safari hii yalitajwa yanatoka kwa nani.

Jioni Maulidi akasimuliwa habari hiyo yote. Akasema atakwenda Kiwangwa Jumapili, kwa sababu kuna kiapo alichokula yeye, na aliyekibeba miaka yote ni dada yake.

Mpango wa Hafidha ni kuchapa nakala mia nne kabla ya Ramadhani. Sura ya mwisho itakuwa jibu la Mwanahija, kwa jina lake, na nakala ya kwanza itapelekwa Kiwangwa, ikasomwe mbele ya kina mama wale wale waliokuwa wakimenya mihogo. “Makapu ya Mama” itaandikwa upya. Mama yake anabaki humo, anasema, maana kutunza siri miaka yote ile nako ni kulisha.

Shida ni ile sura ya Bi Tatu, ambayo sasa ni ya Mwanahija. Hafidha ameiandika mara tatu na mara tatu imetoka ya machozi, kila sufuria tupu na kila kapu vikimlemea kalamu. Ijumaa alasiri, baada ya sala, anampigia Mwanahija simu, anaweka sauti kubwa juu ya meza ya cherehani na kumsomea kama sharti linavyotaka, polepole, kwa heshima zote.

Hajafika ukurasa wa pili, sauti ya Kiwangwa inamkatisha.

“Hafidha, mbona unanisomea hitima na mimi bado nipo? Kaandike upya. Ichekeshe.”